Tervuren: mji wa matajiri wenye makaburi yetu saba

Wengi kati yetu tuna mtoto, ndugu au shemeji aliye Ubelgiji. Wakituma picha, tunaona barabara safi, miti mikubwa, nyumba za matofali zenye bustani mbele na nyuma. Watoto wetu wanatazama simu na kuuliza: mji kama huu unajengwa namna gani? Ni swali zuri, na mzazi asiwe na haraka ya kujibu kwamba "wazungu ni matajiri", kisha akanyamaza. Wiki hii tumechukua mji mmoja tu, Tervuren, ulio pembeni ya Brussels, ili tuone ulivyojengwa, nani anakaa pale, na nani alilipa. Tumeuchagua kwa sababu historia yake na yetu zimefungwa kwa kamba moja.

Mji wa watu wanaorudi jioni

Tervuren iko mashariki ya Brussels, kilomita 13 hivi kutoka katikati ya mji mkuu. Ni komini, kama vile Ibanda na Kadutu zilivyo komini za Bukavu; mpango huo wa komini tuliurithi kwa Wabelgiji. Wakaaji wake ni 22,000 hivi, pamoja na wale wa Duisburg, Vossem na Moorsel. Kwa hesabu yetu hao ni watu wa kartye moja. Lakini nyumba za Tervuren ni kati ya zile za bei ya juu katika eneo lote la Flanders.

Wengi wanaolala Tervuren hawafanyi kazi Tervuren. Asubuhi wanatoka, jioni wanarudi. Wengine wanapanda tramu namba 44, ambayo inapita katikati ya msitu na kufika kituo cha Montgomery, Brussels, kwa dakika 20 hivi. Pale wanashuka kuchukua treni ya chini ya ardhi. Wengine wanaenda kwa gari mpaka Vierarmen, maana yake "mikono minne", ambapo barabara ya Tervuren inakutana na barabara kubwa inayozunguka Brussels, na hapo foleni ya magari inawangoja kila siku. Mchana mji unabaki kwa wazee, wamama wenye watoto wadogo, wanafunzi na watu wa maduka.

Tulinganishe na kwetu. Wakati wa ukoloni, wazungu wa Bukavu walijijengea kando ya ziwa, Muhumba na La Botte, karibu na ofisi zao. Wafanyakazi Waafrika waliwekwa Kadutu na Bagira, na wao ndio waliopanda na kushuka milima kila siku kwa miguu. Hata leo, kwetu anayekaa mbali na kazi mara nyingi ni yule asiye na uwezo. Anaamka saa kumi za usiku, anatembea, au anampa motari pesa aliyotaka kununulia watoto mkate. Tervuren ni kinyume: anayekaa mbali ni yule mwenye uwezo. Analipa pesa nyingi ili awe mbali na kelele, apate ukimya, hewa safi na nafasi ya watoto kucheza. Tofauti haiko katika kilomita. Iko katika tramu inayofika kwa saa yake, na katika mfuko wa anayesafiri.

Jambo lingine ni lugha. Tervuren iko Flanders, kwa hiyo karatasi za ofisi ya komini ni za Kiholanzi, ndivyo sheria inavyotaka. Lakini njiani utasikia Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na lugha nyingine nyingi. Tangu mwaka 1958 Brussels ilipokea ofisi za Jumuiya ya Ulaya, na mwaka 1967 makao makuu ya NATO yakahamia huko. Maelfu ya wafanyakazi wa kigeni walitafuta mahali pa kulelea watoto. Mwaka 1970 shule kubwa ya Waingereza ilifunguliwa Tervuren, na familia nyingi zikaifuata. Sisi tunaotumia Kiswahili sokoni, Kifaransa ofisini na lugha ya mama jikoni tunaelewa vizuri maisha ya namna hiyo.

Wawindaji, majumba na moto

Zamani Tervuren ilikuwa mahali pa kuwinda. Mapokeo yanasema Mtakatifu Hubert, msimamizi wa wawindaji, alifariki pale mwaka 727. Watawala wa Brabant walijenga ngome kando ya maji, wakawinda katika msitu mkubwa wa Soignes. Kanisa dogo la Mtakatifu Hubert lililojengwa mwaka 1617 bado limesimama ndani ya bustani kubwa ya mji. Mwaka 1780 Charles wa Lorraine, aliyekuwa gavana wa nchi hiyo kwa niaba ya ufalme wa Austria, alifia Tervuren, na baada ya muda mfupi ngome ya kale ikabomolewa.

Baada ya vita ya Waterloo ya mwaka 1815, mwana wa mfalme wa Uholanzi alijengewa jumba jipya katika bustani hiyo. Baadaye jumba hilo lilipewa Charlotte, dada ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mume wake, aliyejiita kaisari wa Mexico, alikuwa ameuawa kwa risasi mwaka 1867, na akili ya Charlotte ilikuwa imeharibika kwa huzuni na ugonjwa. Mwaka 1879 moto ukaliteketeza jumba, naye akahamishwa. Kiwanja kikabaki kitupu mikononi mwa mfalme. Miaka sita tu baadaye, mwaka 1885, mfalme huyo huyo alitambuliwa na mataifa kuwa mwenye mali wa Kongo, nchi ambayo hakuikanyaga hata siku moja katika maisha yake.

Mwaka 1897

Mwaka 1897 Brussels ilifanya maonyesho makubwa ya dunia, na sehemu ya Kongo iliwekwa Tervuren. Leopold alitaka Wabelgiji, ambao wengi hawakupenda habari za koloni, waione Kongo kama mali yenye faida. Pale palipoungua jumba la dada yake pakajengwa jumba la makoloni. Barabara pana ya kilomita 10 hivi, yenye mistari ya miti, ikatolewa Brussels mpaka kwenye bustani, na tramu ikawekwa ili kubeba watazamaji. Hiyo ndiyo barabara ya Tervuren ya leo, yenye nyumba za fahari na ofisi za mabalozi pembeni yake.

Mfalme hakuonyesha pembe za ndovu na kahawa peke yake. Alionyesha watu. Wakongo 267, wanaume, wanawake na watoto, walisafirishwa kwa meli, wakawekwa katika vijiji vya maonyesho kando ya bwawa la bustani. Mchana walipika, walisuka, walipiga makasia na kucheza ngoma mbele ya wageni. Usiku walilala katika mazizi ya farasi ya mfalme. Watazamaji zaidi ya milioni moja walipita. Waliwarushia peremende na vyakula, hata kikawekwa kibao cha kuwaeleza watu kwamba Waafrika hao wanalishwa na kamati.

Majira yale yalikuwa ya baridi na mvua. Watu wetu saba waliugua na kufa, hawakurudi tena kwa mama zao. Kwanza walizikwa nje ya ardhi iliyobarikiwa, na mwaka 1953 mifupa yao ikahamishiwa kando ya kanisa la Mtakatifu Yohane Mwinjili, katikati ya Tervuren. Leo makaburi saba yapo pale kwa mstari mmoja, na majina yao ni haya: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Samba, Zao na Mibange. Katika vitabu vingine utayakuta yameandikwa tofauti kidogo, kama Ngemba, Mpemba, Sambo na Nzau, kwa sababu aliyeandika hakujua lugha yao.

Nani alilipa

Wageni walipokuwa wakitembea katika bustani ya Tervuren, huku nyumbani ilikuwa miaka ya mpira. Magari na baiskeli za Ulaya na Marekani zilitaka magurudumu, na mpira wa Kongo ulitoka porini, kwenye kamba za miti. Kila kijiji kilipewa kiasi cha kuleta. Na jambo ambalo kila mama anapaswa kulijua ni hili: njia mojawapo ya kuwalazimisha wanaume waende porini ilikuwa kuwakamata wanawake. Walifungwa, wengine pamoja na watoto wao wachanga, katika nyumba za mateka, mpaka bwana alete mpira uliotakiwa. Chakula kilikuwa kidogo sana, na wengi walikufa mle. Mashamba yalibaki bila jembe, njaa ikafuata. Roger Casement, aliyekuwa konsuli wa Uingereza, aliandika habari za mateka hao katika ripoti yake ya mwaka 1904, na dunia ikaanza kupiga kelele. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia serikali ya Ubelgiji koloni lake.

Faida ya miaka ile ilijenga vitu vinavyoonekana mpaka leo. Kwa pesa za Kongo, mfalme alimwita Charles Girault, fundi mkubwa wa Ufaransa aliyejenga Petit Palais ya Paris, amjengee Tervuren jumba kubwa la makumbusho. Leopold alifariki Desemba 1909 bila kuliona likifunguliwa. Mfalme Albert I alilifungua mwaka 1910. Jumba hilo, bustani zake na mabwawa yake ndiyo sura ambayo Tervuren inajulikana nayo duniani. Mnunuzi wa nyumba anayetafuta mahali pazuri pa kukaa anaona sura hiyo kwanza.

Tuseme ukweli wote: si kila tofali la Tervuren lilitoka Kongo. Msitu ulikuwepo, wakulima walikuwepo, na treni ya kutoka Brussels ilikuwa imefika pale miaka ya 1880, kabla ya maonyesho. Lakini barabara ile pana, tramu, na jumba la makumbusho vilikuja kwa ajili ya Kongo, na vyote vitatu ndivyo vilivyokigeuza kijiji cha wawindaji kuwa mji wa watu wa Brussels wenye uwezo. Treni yenyewe ilisimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo njia yake ya kale ni njia ya watembea kwa miguu na baiskeli. Tramu iliendelea.

Msitu uliouzwa, na uliobaki

Kuna somo jingine Tervuren, na hili linatugusa sisi tunaoona milima yetu ikimomonyoka kila mvua. Msitu wa Soignes ulikuwa mkubwa kupita leo, zaidi ya hekta 10,000. Mwaka 1822 mfalme wa Uholanzi aliukabidhi kwa kampuni iitwayo Société Générale. Kampuni hiyo iliuza sehemu kubwa, miti ikakatwa, mashamba na viwanja vikachukua nafasi, mpaka mwaka 1843 serikali ya Ubelgiji ikarudisha kilichobaki. Jina hilo wazee wetu wa Katanga wanalifahamu: Société Générale ndiyo iliyokuwa na mkono katika kuunda Union Minière mwaka 1906.

Leo msitu una hekta zaidi ya 4,000, na sheria inaulinda. Hakuna anayeruhusiwa kupasua kiwanja ndani yake, hata awe na pesa namna gani. Mwaka 1902 pembeni yake ilianzishwa pia bustani ya miti iliyopangwa kufuatana na nchi miti hiyo inakotoka. Kwa hiyo ukimuuliza mkaaji wa Tervuren kwa nini nyumba yake ni ghali, atakutajia msitu kabla ya kukutajia ukuta wa nyumba. Utajiri wa mji ule unatoka katika kile kilichojengwa na pia katika kile kilichokatazwa kujengwa.

Ndani ya jumba la makumbusho

Jumba la makumbusho lilifungwa mwishoni mwa mwaka 2013 ili litengenezwe na kubadilishwa, likafunguliwa tena tarehe 8 Desemba 2018. Mle kuna mtumbwi mmoja wenye urefu wa zaidi ya mita 22, uliochongwa katika mti mmoja. Kuna vinyago vya Waluba, Wahemba, Wakuba, Wapende na wengine wengi. Kuna pia sanamu iliyochukuliwa kwa Lusinga, mkubwa wa Watabwa katika milima ya Marungu, magharibi ya Ziwa Tanganyika. Askari wa Mbelgiji Émile Storms walimuua Lusinga Desemba 1884, wakakata kichwa chake, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Ndugu zetu wa Moba na Kalemie wanaposikia Tervuren, wajue kwamba kitu cha nyumbani kwao kiko pale.

Ukutani, kwa miaka mingi, kulikuwa na orodha ya Wabelgiji 1,508 waliofia Kongo kati ya 1876 na 1908. Hakuna Mkongo hata mmoja aliyeandikwa. Msanii wetu Freddy Tsimba wa Kinshasa alifanya kazi iitwayo "Vivuli": majina ya wale Wakongo saba wa mwaka 1897 yameandikwa kwenye vioo vya madirisha, na jua likiwaka, vivuli vya majina yao vinaanguka juu ya ile orodha ya Wabelgiji. Hakuvunja ukuta. Aliacha jua lifanye kazi. Katika ukumbi wa mbele, mahali penye sanamu za dhahabu zinazomsifu mkoloni, Aimé Mpane, Mkongo mwingine, aliweka kichwa kikubwa cha mbao cha Mwafrika anayetazama mbele.

Mambo yameanza kusogea pia kati ya serikali mbili. Februari 2022 Ubelgiji iliikabidhi Kongo orodha ya vitu karibu 84,000 vinavyotunzwa Tervuren. Mwezi wa sita mwaka huo mfalme Philippe alifika Kinshasa akiwa na kinyago cha Kakungu cha Wasuku, kikawekwa katika makumbusho ya taifa kama mkopo usio na mwisho. Neno "mkopo" liliwakwaza wengi: mtu anakukopesha vipi kitu cha babu yako? Katika safari ile ile mfalme alifika Bukavu, akatembelea hospitali ya Panzi, mahali wanawake wengi wa Kivu wamepata kutibiwa majeraha ya vita.

Tufanye nini na habari hii

Hatukuandika haya ili mtoto wetu aliye Brussels amchukie jirani yake wa Tervuren. Mama wa Tervuren anayempeleka mtoto shule leo hakumfunga mtu katika nyumba ya mateka. Anachodaiwa ni kujua mahali anapokaa, na sisi tunadaiwa hivyo hivyo. Tunapendekeza mambo matatu kwa vikundi vyetu.

La kwanza, katika mkutano ujao, kabla ya kuhesabu pesa za likelemba, mmoja asome kwa sauti majina ya wale saba, na kila mama ayapeleke nyumbani. Mwenye mtoto Ubelgiji amwombe apande tramu 44 siku ya mapumziko, ashuke Tervuren, aende kando ya kanisa na kuweka ua. Safari hiyo haimpotezei hata nusu siku.

La pili, tuwaulize wazee wetu wangali hai: bibi zetu walisimuliwa nini juu ya mpira, juu ya barabara walizolima kwa nguvu, juu ya vinyago vilivyochukuliwa? Mwenye kujua kusoma na kuandika aandike katika daftari, pamoja na jina la kijiji na la aliyesimulia. Kama siku moja wataulizwa wenye vitu hivyo ni nani, daftari hilo litakuwa na kazi.

La tatu, tutazame miji yetu. Kartye mpya zinapanda milimani, viwanja vinapimwa mpaka kwenye korongo, mti wa mwisho unakatwa ili nyumba moja iongezeke. Wakubwa wanajenga majumba yenye ukuta mrefu, lakini nje ya ukuta barabara ni matope na mtoto hana mahali pa kuchezea. Mji mzuri unaanza na vitu vya wote: njia, maji, usafiri unaofika kwa saa yake, na msitu ambao hauuzwi. Mkuu wa komini akiitisha kikao cha wakaaji, twende kwa wingi, tukae mbele, tuulize: kiwanja cha shule kiko wapi, mtaro wa maji utapita wapi, na ile miti iliyobaki pale juu, nani ameandikwa kuwa mlinzi wake? Jibu liandikwe, na lisomwe katika mkutano unaofuata.